Vijiji Sita Karibu na Kampala: Nafasi ya Buganda katika Historia ya Utafiti wa Mfungamano wa Mtoto na Mlezi

Utangulizi

Historia ya utafiti wa mfungamano wa mtoto na mlezi husimuliwa katika vitabu vya saikolojia kwa namna inayokaribia kuwa moja. Huanzia London, katika Kliniki ya Tavistock, ambako daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby alichunguza madhara ya mtoto mdogo kutenganishwa na mama yake, na mwaka 1951 akaliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa iliyosomwa na watunga sera wa nchi nyingi. Kisha huvuka bahari hadi Baltimore, Marekani, ambako Mary Ainsworth aliwapitisha watoto wa mwaka mmoja katika jaribio la dakika zipatazo ishirini na kuwagawa katika makundi matatu. Baina ya miji hiyo miwili Uganda hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kama kituo ambapo abiria alishuka kunyoosha miguu kabla ya safari yenyewe kuendelea.

Makala haya yanadai kwamba masimulizi hayo yamepindua mambo. Sehemu kubwa ya yale ambayo nadharia ya mfungamano inayasimamia leo ilionekana kwanza, kwa macho na kwa kalamu, katika sebule za akina mama wa Buganda mwaka 1954 na 1955. Jaribio la Baltimore lilibuniwa kwa sababu watoto wa Kimarekani hawakufanya nyumbani kwao yale ambayo watoto wa Buganda walikuwa wameyafanya. Kwa hiyo kipimo ambacho kimeenea ulimwenguni kilikuwa jawabu la tatizo la mahali pengine. Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Uganda ilipitisha sera yake jumuishi ya malezi na makuzi ya awali mwaka 2016; Tanzania ilianza mwaka 2021 kutekeleza Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu za namna hiyo hufika mahali zikahitaji kupima, na anayepima hana budi kujua kipimo chake kilitoka wapi.

Neno kuhusu istilahi. Mfungamano unatumika humu kwa maana ya kifungo cha kihisia anachokijenga mtoto mchanga na mtu mmoja au wachache wanaomlea, hata akawatafuta hao na si wengine anapoogopa, anapougua au anapochoka. Wapo wanaopendelea mshikamano, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na siasa. Hulka ni namna ya mtoto aliyozaliwa nayo ya kuupokea ulimwengu: upesi wa kulia, wepesi wa kutulizwa, kuzoea au kutozoea jambo jipya. Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili cha kila siku kilikuwa na maneno ya mambo haya kabla wataalamu hawajakaa vikao vya istilahi. Mtoto humzoea mtu, humlilia mtu, humdekea mtu. Kitenzi hiki cha mwisho, ingawa wazazi wengi hukitumia kwa lawama, kina elimu ndani yake: hakuna anayedeka peke yake. Mtoto hudeka mbele ya yule anayemjua kuwa atamsikiliza, na mtoto aliyeacha kudeka si lazima awe amekua. Huenda amekata tamaa. Ilimchukua Ainsworth miaka kadhaa kulifikia wazo hilo kwa njia ya takwimu.

Kampala, 1954

Mary Dinsmore Salter alizaliwa Ohio mwaka 1913, akakulia Toronto, na huko akapata shahada ya uzamivu mwaka 1939. Mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kwamba mtoto huthubutu kwenda kuuchunguza ulimwengu anapokuwa na uhakika kwamba mzazi yupo nyuma yake. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London, na huko akapata kazi kwa Bowlby kupitia tangazo la gazetini. Hakwenda Uganda kwa mpango wa kisayansi. Mume wake alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, naye akafuatana naye. Mkurugenzi wa taasisi hiyo wakati ule alikuwa Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, na ni taasisi hiyo iliyompa Ainsworth fedha kidogo za kuanzia.

Mji alioukuta ulikuwa na majonzi yake. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza nchini Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza, na Kabaka hakurejea hadi Oktoba 1955. Kazi yote ya uwandani ilifanyika katika kipindi hicho, wakati Buganda ilikuwa imenuna. Ni rahisi kukisia ilivyokuwa kwa mwanamke Mzungu kubisha hodi na kuomba kutazama jinsi watoto wanavyonyonyeshwa.

Swali alilokwenda nalo lilihusu kuachishwa ziwa. Ilielezwa kwamba kwa desturi ya Kiganda mtoto anayeachishwa hupelekwa kwa bibi yake siku kadhaa ili asahau ziwa. Kwa mwanafunzi wa Bowlby hilo lilikuwa jaribio lililotengenezwa na mila yenyewe: mtoto anatenganishwa na mama kwa makusudi, na mtafiti anaweza kumtazama kabla na baada. Swali hilo halikuwa la nadharia tu. Katika Hospitali ya Mulago madaktari, miongoni mwao Hugh Trowell na R. F. A. Dean, walikuwa wakihangaika na kwashakoo, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika lugha ya Ga ya Pwani ya Dhahabu na liliingizwa katika maandishi ya tiba na Cicely Williams mwaka 1935. Jina lenyewe humtaja mtoto aliyeondolewa nafasi yake kwa kuja kwa mdogo wake. Wabaganda nao walikuwa na neno obwosi, la mtoto anayedhoofika kwa sababu mama amechukua mimba nyingine. Msomaji wa Dar es Salaam au wa pwani atakumbuka mara moja neno kubemenda. Si maradhi yale yale, na sababu zinazotajwa si zile zile, lakini maneno yote matatu yanaiweka afya ya mtoto ndani ya uhusiano wake na wazazi, mahali ambapo vitabu vya lishe vya wakati ule havikutazama sana.

Desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi haikuwa imeshika katika familia alizozipata. Jaribio lililotegemewa halikuwapo. Mtafiti mwingine angerudi mjini akaandika barua ya kuomba radhi kwa wafadhili. Ainsworth alibaki na akaanza kutazama tu.

Alichokiona mkekani

Aliwafuatilia watoto 28 wa akina mama 26 katika vijiji sita karibu na Kampala, kwa muda wa miezi tisa. Kila familia aliitembelea kwa saa mbili hivi, kila baada ya wiki mbili, wakati wa alasiri, saa ambazo kwa desturi ya Kiganda mwanamke aliyetoka shambani hupokea wageni. Alilipa fadhila kwa kuwapeleka watoto kliniki kwa gari lake na kuwapatia akina mama maziwa ya unga kwa bei nafuu. Pembeni yake alikaa mkalimani na msaidizi wake, Katie Kibuka.

Uchaguzi wa saa za alasiri unastahili kuzingatiwa kuliko ulivyozingatiwa. Ainsworth hakuwaita akina mama waje mahali pake. Alikuja kama mgeni, katika saa ya wageni, na watoto walikuwa wakipita mikononi mwa jirani, shangazi na dada kama wanavyopita katika alasiri yoyote. Hakuna kilichopangwa. Mtoto alipolia, alilia kwa sababu zake mwenyewe.

Alikwenda akiamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye anayemlisha: upendo ni zao la shibe. Alichokiona kilimbadilisha. Mtoto wa Buganda hakuwa mpokeaji tu. Aliacha kulia upesi zaidi akichukuliwa na mama kuliko akichukuliwa na mwingine. Alimfuata mama akitambaa. Alificha uso mapajani mwake mgeni alipomtazama sana. Alipomwona akirudi alipiga makofi, kwa kuwa ndiyo salamu aliyoiona kwa wakubwa. Kukumbatia na kubusu, ambako Ainsworth angekukuta kwa watoto wa Baltimore, huku hakukuona. Zaidi ya yote aliona jambo alilofundishwa na Blatz bila kulitazama kwa karibu: mtoto akiondoka mkekani kuendea kitu, akageuka kumwangalia mama, akaendelea, akarudi kidogo, akaondoka tena. Mama alikuwa maskani, mahali pa kutokea na pa kurejea. Wazo hili, ambalo leo halikosekani katika kitabu chochote cha malezi, liliandikwa kwanza kwa kuwatazama watoto wa vijiji hivyo.

Aliporudi kwenye daftari zake aliwagawa watoto katika makundi matatu. Watoto 16 walikuwa na mfungamano wa utulivu: walilia kidogo, na zaidi walilia mama alipoondoka. Saba walikuwa na mashaka: walilia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano hawakuwa bado wameonyesha kumtofautisha mama na wengine. Kisha akauliza nini kinaambatana na utulivu huo. Kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe aliyatoa kiliambatana nao, na vivyo hivyo furaha ya mama katika kunyonyesha. La ajabu zaidi lilikuwa hili: uliambatana na ubora wa mama kama msimulizi. Wapo akina mama waliosimulia habari za mtoto kinaganaga, anachokipenda, anacholilia, alichofanya jana. Wapo waliojibu swali wakageukia mazungumzo mengine. Watoto wa wasimulizi walikuwa watulivu. Hapa ndipo lilipochipuka wazo la usikivu wa mama, yaani uwezo wa kuzitambua ishara za mtoto na kuziitika kwa wakati, ambalo baadaye lilikuja kuwa nguzo ya nadharia nzima.

Kinyume chake, idadi ya watu waliosaidia kulea haikuhusiana na mfungamano kwa namna yoyote iliyoonekana. Mtoto aliyepita mikono mingi hakuwa na mashaka zaidi ya mwingine. Tokeo hili limo katika kitabu, *Infancy in Uganda*, kilichotolewa Baltimore mwaka 1967, na laiti lingesomwa kwa makini, mabishano ya miaka mingi kuhusu kama malezi ya watu wengi ni hatari yangeanzia mahali pengine.

Kazi hiyo ina mipaka. Watoto ni 28 tu, makundi yalipangwa baada ya kutazama na si kabla, na mtazamaji alikuwa mmoja. Kuna pia jambo ambalo wahakiki hawaligusi. Kipimo cha usimulizi wa mama kilipita kwanza katika sikio na ulimi wa mkalimani. Mama aliyekuwa mchangamfu kwa Kiganda ilibidi afikishwe mchangamfu kwa Kiingereza. Ikiwa wazo la usikivu lilizaliwa katika mazungumzo hayo, basi Katie Kibuka alikuwapo kwenye uzazi, na vitabu vya kiada havimtaji.

Kutoka mkekani hadi maabara

Ainsworth aliondoka Uganda mwaka 1955. Matokeo yake aliyaeleza kwanza kwa kirefu mbele ya wataalamu waliokusanyika London mwaka 1961 kwa mwaliko wa Bowlby, na yakachapishwa mwaka 1963. Mwaka huo huo alianza Baltimore utafiti wa pili, safari hii wa familia 26 za Kimarekani, akizitembelea kila baada ya wiki tatu kwa saa nne mpaka mtoto alipopita mwaka mmoja. Hata mpangilio unaonyesha kwamba alikuwa akijaribu kuirudia Buganda.

Haikurudiwa. Mama wa Baltimore alitoka chumbani kwenda kufua au kupokea simu mara nyingi kwa siku, na mtoto aliendelea na vitu vyake. Maelezo yanayokubalika kwa akili ni kwamba kwa mtoto huyo kutoka kwa mama kulikuwa jambo dogo la kila saa, ilhali kwa mtoto wa Buganda mama aliyeinuka huenda alikuwa anakwenda shambani. Ili kuona kile ambacho vijijini kilionekana chenyewe, ilibidi mtoto wa Kimarekani atolewe nyumbani. Ndipo mwaka 1964, akisaidiana na Barbara Wittig, Ainsworth akabuni jaribio la Hali Ngeni: chumba kisichojulikana, vitu vya kuchezea, mgeni anayeingia, mama anayetoka mara mbili na kurudi mara mbili, vipindi vinane vya dakika tatu au pungufu. Kilichoamua kundi la mtoto hakikuwa kilio chake, bali namna alivyompokea mama aliporudi.

Sina haja ya kuidharau Hali Ngeni. Ilionyesha jambo ambalo halikuwa wazi kabla, kwamba mtoto asiyelia na asiyemjali mama anaporudi huenda si mkomavu bali amejifunza kutodai. Lakini yenyewe ilikuwa muhtasari. Nyuma ya dakika zile ishirini kulikuwa na saa zipatazo 72 za kutazama kila familia nyumbani, na Ainsworth hakuacha kusisitiza kwamba jaribio linapata maana kutokana na saa hizo. Waliomfuata walichukua muhtasari wakaacha kitabu. Saa 72 ni ghali. Dakika ishirini zinaingia katika bajeti ya mwanafunzi wa uzamili.

Matokeo yake yanaonekana mwaka 1988. Katika mwaka huo Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg wa Uholanzi walikusanya karibu majaribio 2,000 ya Hali Ngeni kutoka nchi nane ili kuona kama makundi ya watoto hugawanyika sawa kila mahali. Nchi hizo zilikuwa Ujerumani ya Magharibi, Uingereza, Uholanzi, Sweden, Israeli, Japani, China na Marekani. Afrika haimo. Bara ambako nadharia ilipata macho halikuwa na hata jedwali moja.

Waliobaki nyumbani kwa mtoto

Hata hivyo, utafiti wa Afrika Mashariki haukusimama. Ulipita njia nyingine. Miaka ile ile ya Ainsworth, Marcelle Geber, daktari Mfaransa, akishirikiana na Dean, alitangaza mwaka 1957 kwamba watoto wachanga wa Uganda wako mbele ya wa Ulaya katika ukuaji wa viungo. Tangazo hilo lilizua mabishano marefu yenye harufu ya mbari. Jawabu zuri lilitoka Kenya mwaka 1976, Charles Super alipoandika kuhusu Wakipsigis wa Kokwet: watoto waliwahi kukaa na kutembea, kwa sababu mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea, mambo wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawakuyawahi. Pamoja na Sara Harkness alionyesha pia kwamba hulka haipimwi nje ya nyumba. Mtoto asiyelala usiku kucha ni tatizo Boston. Kokwet, alikolala ubavuni mwa mama na kunyonya alipotaka, hakuna aliyemhesabia kosa. Msumbufu wa Kokwet ni yule asiyekubali kubebwa mgongoni wala kushikwa na dada yake.

Mfano mchungu zaidi ni wa Marten deVries, aliyewachunguza watoto wa Kimasai mwaka 1974, wakati wa ukame. Aliwatambua wapole na wasumbufu kwa vipimo vya Kimarekani, ambavyo humhesabu mpole kuwa mwenye bahati. Aliporudi, katika familia alizoweza kuzipata, watano kati ya wapole saba walikuwa wamekufa, na mmoja kati ya wasumbufu sita. Idadi ni ndogo mno kujengea kanuni, na kila anayeinukuu angepaswa kusema hivyo. Lakini yatosha kumzuia mtu kuandika katika mwongozo wa taifa kwamba mtoto mtulivu ndiye mtoto mwenye afya. Katika njaa, aliyelia alinyonyeshwa.

Kwa Wakisii, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha mwaka 1986 utafiti wa watoto 26 wanaolelewa na mama pamoja na mtoto mkubwa wa nyumbani. Walilazimika kuibadili Hali Ngeni, kwani mtoto wa Kikisii anaporudiwa hutazamia kupewa mkono, si kukumbatiwa. Anayesubiri kumbatio angewaandika wengi kuwa wakwepaji. Zaidi ya nusu walikuwa na mfungamano wa utulivu na mama, na vivyo hivyo na mlezi mdogo. Kisha lilijitokeza jambo linalopaswa kuwa mezani kwa kila mshauri wa sera: utulivu kwa mama uliambatana na hali ya lishe ya mtoto, na utulivu kwa mlezi uliambatana na maendeleo ya akili. Mama alikuwa mlishaji. Mlezi alikuwa mwenzi wa kucheza. Mradi unaompima mama peke yake ungeiona nusu ya mtoto.

Kipimo na mhudumu

Yanayofuata ni maoni yangu. Wizara inayoletewa kipimo cha maendeleo ya kijamii na kihisia kilichokwisha kutafsiriwa haipaswi kuuliza kwanza kama tafsiri ni sahihi. Iulize ni salamu ipi inayohesabiwa kuwa salamu, ni nani anaruhusiwa kuwamo chumbani, na kama mtoto alipimwa msimu wa mavuno au wa njaa. Kipimo kisichoweza kujibu maswali hayo kinaweza bado kufaa kwa kulinganisha wilaya na wilaya, lakini si kwa kumhukumu mama.

Na njia ya Ainsworth ya kwanza haijafungwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembelea kaya huko Masaka au Kasulu tayari anabisha hodi, tayari anapewa mahali pa kukaa, na atarudi tena baada ya wiki kadhaa. Fomu za kazi yake zimejengwa zaidi juu ya uzito, chanjo na dalili za hatari. Kuongeza mstari mmoja wa kuandika kama mama au mlezi, alipoulizwa habari za mtoto, alisimulia au alijibu tu, kungegharimu wino. Gharama kubwa ni ya kumfundisha mhudumu kutofautisha mama asiyesikiliza mwanawe na mama aliyechoka, mwenye njaa, au asiyemwamini mgeni, na mafunzo hayo hayawezi kuandaliwa kwa lugha asiyoizungumza mama huyo.